Perege wa Kwenye Birika

Zaina, mke mwenzangu,

Usicheke mwandiko. Shule sikuingia, wajua hilo, na hizi ni herufi za chuoni, zile za Kiarabu nilizotiwa kwa fimbo Unguja kabla meno ya utoto hayajanitoka. Kiswahili ndicho nilichokuja nacho kutoka huko nilipoletwa hapa Mutsamudu kuolewa, na katika nyumba nzima wewe peke yako ndiye uliyekitaka. Tulikuwa tukiwasengenya watu nacho mbele ya macho yao. Sasa sina wa kusengenya naye. Ndiyo maana nakwandikia.

Kwanza nikwambie nilivyofanya siku ile, maana huenda umeambiwa kwamba koko wako, bibi yako mimi, alizimia. Koko wako hakuzimia. Mjomba wako Bakari aliingia na simu mkononi, uso umempauka, akasema Raziki, yule uliyekaa kwake, amepiga kutoka Moroni. Homa ilikupanda kichwani, ukaondoka upesi, na walikwisha kukuzika kabla ya alasiri. Nilikuwa nachambua mchele. Nikamaliza kuuchambua. Halafu nikauliza kama mafuta ya taa yamebaki, kwa sababu watu watakuja kusoma Kurani na umeme hatuna. Bakari akaniangalia kama aliyeona jini. Nikamwambia, "Nenda katafute mafuta, usinisimamie hapo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na mpaka leo ndivyo nilivyo. Watu wanasubiri nilie. Wanawake wa mtaa wanakuja, wanakaa, wananitazama macho. Mmoja alinibana mkono ili machozi yatoke. Nilimwambia ukinibana tena nitakupiga kofi. Machozi hayajaja, Zaina. Nakula, ila sijui nakula nini. Naswali, nikitoa salamu sikumbuki nilisoma sura gani, narudia tena.

Kuja kukuzika nisingeweza, hilo nadhani wajua. Ulikuwepo yalipoanza. Wakubwa wa hapa Nzuwani walisema kisiwa chetu ni nchi, wakubwa wa Moroni wakasema si nchi, na katikati ya maneno yao meli zikasimama. Uwanja wa ndege wa Wani ukafungwa. Petroli ikaisha, mashine ya maji ikazima, mifereji ikakauka. Wewe ulikuwa umevuka kwenda Ngazija, kisiwa cha Moroni, na vioo vyako vya damu, ukasema, "Koko, narudi mwezi huu huu." Bahari ikafungwa nyuma yako. Mama yako yuko Maore kwa Wafaransa bila karatasi, akitoka hawezi kurudi kwenye kibarua chake, naye akabaki kulia kwenye simu. Basi ulizikwa na Raziki na watu wa Moroni, watu wema, lakini si mimi.

Watu wananiuliza ulikuwa unasoma nini. Nawajibu: damu ya samaki. Wanadhani nimechanganyikiwa kwa msiba.

Mimi nakumbuka ulivyonieleza, umechutama uani, perege mmoja umemfunika kitambaa kibichi, mimi ndiye niliyemshika kwa sababu wewe ulikuwa unamwonea huruma. Ulimchoma sindano karibu na mkia, tone moja likatoka, ukalitandaza juu ya kioo kwa ukingo wa kioo kingine, jembamba kama mtu anayepaka siagi kwa uchoyo. Nikakwambia, "Hospitali hakuna sindano za binadamu, wewe unampiga perege." Ulicheka mpaka kioo kikakuponyoka.

Ukaniambia damu yetu sisi, ukiitazama kwa hadubini, chembe zake nyekundu ni tupu katikati. Za samaki zina kokwa. Ndani ya kokwa ndimo ilimoandikwa samaki awe samaki na watoto wake wawe samaki. Maji yakiwa na madini mabaya, kokwa linavunjika, na kipande kidogo kinabaki pembeni kama kombo la mkate.

"Kwa hiyo samaki anaumwa?" nikauliza.

"Haumwi, koko. Anaogelea, anakula, anazaa. Ukimtazama kwa nje hana lolote."

"Basi ni kama mume wetu," nikasema. Babu yako naye alionekana mzima mpaka asubuhi aliyoshindwa kuamka.

Niandike na la Bakari, ingawa unalijua kuliko mimi. Kile kiwanja cha kando ya mto nilikuwa nimekuwekea wewe. Huku kwetu binti hujengewa nyumba, mume huja na sanduku lake. Mama yako ana nyumba hii, wewe ungepata ile. Bakari aliomba akitumie mpaka fedha ya kujengea ipatikane, nami nikamkubalia, maana mwanamume ana watoto na kiwanja kimekaa kitupu. Akajenga tanuri lake pale. Anavunja betri za magari, anayeyusha ile risasi iliyomo, anaimimina kwenye kalibu kuwa chubwi za nyavu, vile vizito vya kuzizamisha. Maji makali ya betri anayamwaga mtoni. Majivu mtoni. Na yale mabaki meusi, magumu, yamejaa ukingoni, watoto wanayaokota kuchezea. Chini kidogo ya hapo ndipo penye kina kirefu wanapooga watoto wa mji mzima, na watoto wake mwenyewe ndio wa kwanza kuruka.

Na bahari ilipofungwa, chubwi hazikuja tena kutoka nje. Wavuvi wote wakahamia kwake. Mvukuto ulikuwa haulali.

Wewe ulimwambia mapema kabisa, kabla ya hayo. Nilikuwepo, nilikuwa napepeta. Ulimwambia kwa adabu, "Mjomba, liondoe tanuri hapa mtoni." Akacheka. "Umesoma Ngazija, kisiwa ambacho hata mto hakina, unakuja kunifundisha mimi mto?" Ukasema samaki wa chini ya tanuri wanaharibika damu. Akasema, "Nionyeshe. Ukinionyesha kwa macho, nahama."

Mimi nilisikia neno lile. Wewe ulikwenda Ngazija kwa ajili ya neno lile. Basi.

Sasa habari za perege wako.

Uliwaacha wawili wawili, sikosei: wa juu na wa chini. Wa chini, uliowavua pale chini ya tanuri, ukawatia kwenye pipa uani na maji yao ya mto. Wa juu, wa kule mashambani ambako maji yanatoka kwenye jiwe, ukawatia kwenye birika langu la chooni, lile la kujengwa la maji ya kuogea, ndani ya maji ya mvua. Nililalamika kwa ajili ya kulalamika tu. Unguja sisi tulikuwa tunafuga visamaki kwenye birika vile vile, vya kula watoto wa mbu. Uliniambia, "Usiwachanganye, koko. Hawa ndio wazima, ndio wa kulinganishia."

Sikuwachanganya. Ila mvua zilichelewa. Mfereji umekauka, tangi limebaki tope. Birika likashuka mpaka perege wakawa wanalala ubavu. Nikasema watakufa hawa, nitamwambia nini mtoto. Nikawatuma wanawake wa nyumbani wachote mtoni, kwenye ngazi za msikiti, wajaze. Na hapo sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Maji ya mto yanapita. Hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Yanafaa udhu, yanafaa janaba, yanamfaa maiti. Kama yanamfaa mtu kusimama mbele ya Mungu wake, yatamdhuru vipi perege?

Nilikusimulia kwenye simu kwa kujisifu. Nikakwambia, "Wako hawana neno, nimewajazia maji ya mtoni, twahara kabisa." Ukanyamaza. Nilidhani simu imekatika, nikaita, halo, halo. Halafu ukauliza yamechotwa wapi. Nikakwambia ngazi za msikiti. Ngazi za msikiti ziko chini ya tanuri, wewe ulikuwa unazijua. Mimi pia nazijua, ila sikuyaweka pamoja.

Ukasema, "Sasa waache humo humo, koko. Usiwatoe. Wape maji hayo hayo mpaka nije." Sauti yako ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu anayejizuia. Nikafikiri umekasirika. Nikawaza, nimemharibia kazi, na kwa ukaidi wangu sikuuliza.

Hukuja. Ikaja ile simu ya Bakari, na mchele.

Baada ya msiba Bakari aliniambia, "Mama, hawa samaki wa marehemu hawaliki wala hawafugiki. Tuwatupe." Nikamwambia nitakutupa wewe kwanza. Nikaendelea kuwapa wali na vipande vya muhogo, na kuwajazia maji ya ngazi za msikiti kama ulivyosema. Asubuhi naingia chooni, wanakuja juu kunifungulia midomo. Nilikuwa sina la kufanya jingine. Mtu ukiwa huna moyo wa kitu, kazi ndogo yenye saa zake inakusimamisha.

Halafu wanajeshi kutoka Moroni walishuka. Sitaki kuandika hayo, kelele zilikuwa kelele, tulikaa ndani chini ya vitanda, zikaisha. Wakubwa waliosema sisi ni nchi wakakimbia. Meli zikaanza kwenda.

Nikachukua ndoo yenye mfuniko, nikautoboa mfuniko, nikawatia perege wa birika. Wa pipani nikawatia kwenye dumu. Bandarini askari akanizuia.

"Koko, ndani mna nini?"

"Samaki."

"Unawapeleka samaki Ngazija? Kule samaki wamekwisha?"

"Wa mtoni wamekwisha, mto wenyewe hawana."

"Wa kupika?"

"Wa kutolewa damu."

Akafunua, akatazama, akafunika. Akaniambia nipite, na nikasikia anamwambia mwenzake, "Mwache, mzee wa watu." Katika boti wanawake walinipa jina, Koko Perege, wakawa wananisaidia kumimina maji mapya kila nilipoogopa yamepata joto. Nilibeba maji ya akiba, ya ngazi zile zile. Mmoja wa perege alikufa njiani. Nilimfunga kwenye kitambaa, sikumtupa, sijui kwa nini.

Raziki alinipokea. Alilia kwa ajili yake na yangu. Alinionyesha kitanda ulicholala, kipande cha sanda kilichobaki, kanga uliyofunikwa. Nikamuuliza, "Mlimwosha kwa maji gani?"

"Ya tangi, mama. Ya mvua. Hapa hatuna mengine."

Nikasema vizuri. Nikasema tena vizuri. Raziki hakuelewa kwa nini nimeuliza hilo na sikuuliza kama uliniita.

Kaburi lako liko mahali pazuri. Mawe meusi, yale ya mlima wa moto, na majani. Nilisimama. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, na nilipofika sikuyapata hata moja. Nilikusomea Fatiha, nikaona kamba ya kiatu changu imelegea, nikarudi.

Kesho yake Raziki akanipandisha Mvuni, kwenye chuo kikuu, kwa mwalimu wako. Mwanamke mdogo kuliko nilivyodhani, na mwembamba. Alipojua mimi ni nani alikaa chini, akalia. Nikamshika mkono mpaka akamaliza. Halafu nikamwambia, "Nimekuletea samaki wake. Wa ndoo ni wale wa juu, lakini nimewaharibu, niliwapa maji ya chini."

Akanyanyua uso. "Wewe ndiye?" akasema. Ikaja tabasamu hapo hapo na machozi yake. Akaniambia siku ile uliyokata simu ulikwenda kwake mbio, huku unacheka. Ulimwambia, bibi yangu amenifanyia nusu ya kazi. Ulikuwa unacheka, Zaina. Mimi miezi yote hiyo nikijua ulinikasirikia.

Akanieleza taratibu, kama wewe ulivyokuwa ukieleza. Mtu angeweza kusema perege wa juu na wa chini ni tofauti tu, wamezaliwa tofauti, wamekula tofauti. Lakini hawa wa birika, ulipowavua uliwatoa damu ukaiona safi. Wakae kwenye maji ya chini, halafu watolewe damu tena. Ikiharibika, samaki ni wale wale, kilichobadilika ni maji tu. Ndiyo maana ukasema wasitolewe birikani.

Tukafanya. Nilimshika kila mmoja kwa kitambaa kibichi, yeye akachoma. Yeye hawaonei huruma. Vioo vikakauka, akavichovya kwenye dawa, akavitia rangi, akaviosha. Nikakaa kwenye kiti cha duara kinachozunguka, kiti cha hatari kwa mzee. Kisha akaniita nitazame.

Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Akanisogeza kichwa. Halafu nikaona. Zimejaa, nyingi, kama mbegu za papai zilizomwagika, kila moja na kokwa lake la zambarau katikati. Nzuri. Sikujua damu ni nzuri. Akaniambia tazama ile ya upande wa mkono wa kulia. Pembeni ya kokwa kulikuwa na kipande kidogo, cha rangi ile ile, kimejitenga. Kombo la mkate. Akasogeza kioo, jingine. Akasogeza, jingine. Akaweka kile kioo chako cha zamani, cha perege hao hao wakiwa wazima, akasogeza, akasogeza, akasogeza, kombo hakuna. Nikamwambia basi, nimeona.

"Bibi," akasema, "mimi nasema ninachokiona tu. Samaki walikuwa wazima, maji yamewaharibu. Ni risasi peke yake au na vingine, hilo linataka mashine ambayo hapa hatuna. Na kwa watu siwezi kusema. Hawa ni samaki."

Nikamjibu kwamba watoto wetu wanaoga na hao samaki.

Tukashuka kurudi Moroni mjini. Nilikuwa nafikiri maji yale nimenawia uso msimu mzima. Nimepikia. Nilikuwa sioni uchungu wowote, naona tu kama ninavyoona gari linapita.

Niliporudi Mutsamudu nilimwambia Bakari yote, siku ile ile, bado vumbi la safari liko miguuni. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Nionyeshe."

"Hadubini iko Mvuni. Panda boti nami."

"Mama, boti na njaa ya watoto wangu, nichague boti? Mji mzima unatupa taka mtoni. Ni mimi peke yangu?"

"Wengine si wanangu."

"Zaina ndiye aliyesema atanionyesha. Zaina amekufa."

Hakuna mtu aliyekuwa amenitamkia neno hilo hivyo. Wote wanasema marehemu, ametangulia, Mungu amempenda. Bakari alisema amekufa. Na mimi nikasikia neno, nikalielewa kama ninavyolielewa neno meza.

Wakati huo njia zilikuwa zimefunguka na watu wa Domoni na wa vijijini, waliokwama nyakati za kufungiwa, walikuwa wanakuja kunihani, kunipa pole ya msiba. Kila siku wageni. Asubuhi iliyofuata nikachukua mkeka wangu wa matanga, nikajifunga shiromani yangu, ile shuka ya kutokea, nikashuka vichochoro mpaka kiwanjani. Nikautandika mkeka mbele ya mdomo wa tanuri. Nikakaa.

Bakari alikuja na mkaa begani.

"Mama, ni nini tena?"

"Nimekaa matanga."

"Matanga yako nyumbani."

"Hiki ni kiwanja cha Zaina. Nyumba yake ndiyo hii, hana nyingine. Atakayenihani atanihani hapa."

"Wageni watakukuta kwenye masizi?"

"Watanikuta."

Wakaja. Unajua wanawake wa Domoni walivyo, nguo hazina hata kunyanzi, wakasimama ukingoni wakitafuta pa kukaa. Nikawasogezea maganda ya betri. Wakakaa juu ya maganda ya betri, vipuli vyao vya dhahabu masikioni, wakanywa chai ya tangawizi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaja na wanafunzi wake, akasoma. Na huwezi kuwasha tanuri mbele ya Kurani inayosomwa, wala kuvuta mvukuto juu ya kichwa cha mama yako aliye msibani. Bakari alisimama kwenye ukuta kakunja mikono, wavuvi wakija kuchukua chubwi anawaambia kesho. Kesho nikaja tena.

Aliyeniuliza kwa nini hapa nilimjibu hivyo hivyo, kiwanja ni cha Zaina. Sikumtaja Bakari kwa ubaya. Ni mwanangu, nimemnyonyesha. Ila watu wana macho, waliona mto, waliona yale mabaki meusi, wakaona watoto kule chini. Wakawa wanaongea wao kwa wao njiani.

Sijui ningekaa mpaka lini. Sikuwa nachoka, kwa sababu sikuwa nahisi kitu. Huo ndio ukweli: si ujasiri, mwili ulikuwa umekufa ganzi, pale au nyumbani kwangu ni pamoja. Aliyemaliza mambo ni mkewe Bakari. Alishuka na beseni la nguo, zile nguo za kazi za mumewe, nyeusi kwa masizi. Akatazama mto, akanitazama mimi, akaliweka beseni chini. Akaja akakaa kwenye mkeka ubavuni kwangu. Mumewe akamwambia, "Na wewe?" Akasema, "Na mimi nimekaa."

Bakari aliondoka. Asubuhi alikuja na toroli na mtalimbo. Akabomoa tanuri lake tofali kwa tofali, akazoa yale mabaki aliyoweza kuyazoa. Amehamia kule kwenye miamba ya njia ya Wani, mbali na mto. Huko pia sijapapenda, na nimemwambia. Kwangu haji sana. Anatuma watoto na kitoweo, yeye anabaki mlangoni. Siku moja alisema, "Mama, ungeniambia tu."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Ulikaa."

"Basi nilikaa."

Hatukucheka. Lakini hakuondoka upesi.

Nyumba yako haitajengwa pale, Zaina, sitakudanganya. Udongo ni mweusi hata nilipochimba kwa jembe, na mwalimu wako amesema tope la mto litakaa na uchafu huo muda mrefu, tanuri likiwepo au lisiwepo. Kiwanja kitabaki kitupu. Nakiona kila siku nikishuka. Nakitazama, nakipita.

Nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa mengi sitayaweza. Kila kiangazi nitavua perege wa chini, nikiwa na miguu, na nisipokuwa na miguu nitatuma, nitawapeleka Mvuni, watolewe damu, mpaka siku mwalimu wako asogeze kioo na asogeze na asogeze asione kombo. Mpaka siku hiyo hakuna mtoto wa mtu atakayeoga pale mbele yangu. Nakwenda na bakora. Wananiita Koko Perege, wanaruka hivyo hivyo, wananikimbia wakicheka, wanarudi nikigeuka. Wanichukie.

Lala salama, mke mwenzangu. Maji uliyooshwa yalikuwa mazuri, nimeuliza.

Leo asubuhi mtoto wa mwisho wa Bakari, yule mkorofi, alinirushia maji ya mto kutoka kwenye kile kina, yakanipiga kifuani, shiromani yote ikalowa. Yalikuwa ya baridi, Zaina, na baridi niliisikia. Nilipiga kelele.

Koko wako